Mstafeli uliolelewa Nzuguni kama ndama wa rafiki

NZUGUNI, Aprili 1914. Jua limechomoza sasa hivi na umande bado umelala juu ya mashamba ya uwele. Nyuma ya tembe la Mama Zaidi, Yotham Ndahani amepiga goti mbele ya mti, mkononi ameshika unyoya wa kuku.

Ua analolishughulikia limeota moja kwa moja kwenye shina. Ni nene kama sikio la ng'ombe, rangi yake njano iliyochanganyika na kijani. Anaupenyeza unyoya ndani, anauzungusha taratibu, anautoa. Kisha anauchovya katika kibuyu kidogo chenye unga alioukung'uta jana kutoka ua lililokomaa, na kuhamia ua linalofuata.

"Nyuki wetu wanajua kila ua la pori hili," anasema bila kugeuka. "Hili hawalitaki. Wanafika mlangoni, wanaona kuna giza, wanarudi. Basi kazi ya nyuki naifanya mimi."

"Asali yenyewe hatuioni," sauti ya mwanamke inamjibu kutoka jikoni.

Yotham anacheka. Miezi mitano iliyopita asingecheka. Miezi mitano iliyopita alikuwa akihesabu siku zilizobaki kabla ya kulazwa kifudifudi mbele ya boma la Dodoma na kuchapwa viboko ishirini na vitano, ile adhabu ambayo kila mtu hapa anaiita hamsa ishirini.

Sababu ni mti huu. Au tuseme, ndugu yake.

Mti ni mstafeli. Mtu wa Tanga au Pangani angeupita bila kuutupia jicho, kwa maana kwao mastafeli huanguka yenyewe na kuliwa na kunguru. Lakini huku kwenye nyanda za kati, ambako mvua ni ya miezi minne na miezi minane iliyobaki ni vumbi na upepo, hakuna aliyewahi kuuona mwingine. Waliouona huu wanauita "mti wa Yotham", jina linalomwudhi kidogo mwanamke aliye jikoni.

Yotham ana umri wa miaka thelathini na mitano hivi. Ni Mgogo, mzaliwa wa kijiji kilicho karibu na Mvumi, na ndiko alikobatizwa na kufundishwa kusoma. Ana mke, Dorkasi, na watoto watatu. Reli ilipofika Dodoma miaka minne iliyopita alikuwa miongoni mwa waliobeba kokoto. Baadaye boma lilitafuta mtu wa kutunza bustani, naye akachukuliwa kwa mshahara wa rupia sita kwa mwezi.

"Watu walidhani nafurahia rupia," anasema. "Rupia ni jambo dogo. Mtu wa bustani ya boma jumbe hamgusi. Hapelekwi kubeba mizigo, hapelekwi kwenye mashamba ya katani. Analala kwake. Nikiipoteza kazi hii, jina langu linarudi kwa jumbe siku hiyohiyo."

Novemba mwaka 1910, Bwana Shauri, yaani Mdachi anayetawala wilaya, alirudi kutoka pwani na sanduku la miche. Alikuwa ameugua homa huko, akalishwa stafeli, na tangu hapo hakuwa na hamu ya tunda lingine. Miche mingi ilikufa kwa joto la behewa. Ulisalia mstafeli mmoja, urefu wa kidole, katika kopo la bati.

Yotham alipolifungua kopo ili aupande, aligundua kuwa si mmoja. Ilikuwa miwili iliyosukana mizizi, mmoja mnene na mwingine mwembamba kama uzi.

"Mwembamba tupa," Bwana Shauri alimwambia. "Miwili inanyang'anyana chakula."

Mnene ulipandwa katikati ya bustani, ukafungiwa kibati chenye namba 41. Ule mwembamba Yotham aliuviringisha kwenye kitambaa kibichi, akautia kifuani, na jioni akatoka nao langoni pa boma mbele ya askari.

Kwa nini hakuutupa? Ukimwuliza, haanzi na mti. Anaanza na sotoka.

Alikuwa bado mdogo ugonjwa huo wa ng'ombe ulipopita Ugogo. Baba yake alikuwa na ng'ombe arobaini zizini. Kwa muda wa wiki tatu walibaki sifuri. Nchi nzima ilinuka, na waliokuwa matajiri asubuhi walichimba mizizi jioni.

"Lakini baba alikuwa amempa rafiki yake mtamba mmoja, kule Mlali," anasimulia. "Ndiyo desturi yetu. Huweki ng'ombe wote chini ya jicho moja. Unampa rafiki mmoja amlee. Maziwa anakunywa yeye, samadi anatumia yeye, ng'ombe anabaki wako. Kule Mlali sotoka haikufika kwenye zizi lile. Mimi nimekua kwa maziwa ya uzao wa mtamba huyo. Sasa nikiwa na miche miwili mkononi, mtu ananiambia tupa mmoja. Mkono ulikataa."

Rafiki aliyemwendea alikuwa Sikudhani binti Bashiri, Mrangi kutoka milima ya Kondoa, ambaye majirani humwita Mama Zaidi. Mumewe alikuja kuwauzia vyakula wajenzi wa reli, akafariki mwaka uleule reli ilipofika. Sikudhani alibaki Nzuguni, akilima vitunguu na mboga kando ya mto wa mchanga ambao ukichimba kina cha kiuno unapata maji hata mwezi wa Septemba. Boma lilinunua mboga kwake, na Yotham ndiye aliyetumwa kuzichukua.

Wagogo na Warangi ni watani, na wawili hawa hawajawahi kulisahau hilo kwa muda wa kuvuta pumzi moja.

"Alinitumia salamu kwamba ananiletea ndama nimtunzie," anasema Sikudhani, ambaye sasa ametoka jikoni akipangusa mikono. "Nikakata majani. Nikasafisha pembe ya ua. Mchana nikamwona Mgogo anakuja peke yake, amekumbatia kifua kama mgonjwa. Nikamwambia, 'Mtani, ndama yuko wapi?' Akafungua shati."

"Ulicheka mpaka ukakaa chini," Yotham anamkumbusha.

"Nilicheka kwa sababu nyinyi hata mchicha mnataka kuuchunga."

Lakini aliupokea. Walikubaliana kama watu wanaokabidhiana mnyama. Matunda yatakuwa yake Sikudhani, maana hayo ndiyo maziwa. Mti utabaki wa Yotham. Ukifa, atampelekea angalau shina lake kavu, kama mlezi wa ng'ombe anavyopeleka ngozi kwa mwenye mali ili kuonyesha kwamba hakumchinja kwa siri.

Miaka mitatu ikapita, miti miwili ikikua mbali kwa mwendo wa saa mbili kwa mguu, kila mmoja kwa malezi yake.

Wa Nzuguni ulilelewa kirangi. Sikudhani alifukia mtungi wa udongo kando ya mizizi, akautoboa tundu dogo chini na kulizibia kipande cha kamba, ili maji yawe yanavuja tone kwa tone usiku na mchana. Kila siku ya tatu aliujaza. Maua ya kwanza yalipoanguka bila kuzaa, hakulalamika. Alikaa mbele yake siku mbili, akitazama. Ni yeye aliyegundua kwamba ua hulegea na kutoa unga wakati wenzake bado wamejifunga, kwa hiyo hayawezi kukutana bila mshenga. Unyoya ni akili yake.

Wa boma ulilelewa kigogo. Hapo ndipo msiba ulipoingilia.

Julai mwaka jana Bwana Shauri alikwenda likizo kwao Ulaya. Aliacha neno moja tu kuhusu bustani: atakaporudi anataka kuuona mti namba 41 ukiwa na maua. Aliyekaimu nafasi yake hakujali miti. Yotham akabaki peke yake na mti na agizo.

"Mgogo akitaka kukiheshimu kitu, anakipa samadi," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaacha kazi. "Kwetu samadi ndiyo baraka ya zizi. Nikaenda kwa shemeji yangu, nikabeba vikapu. Mbichi, bado ina moshi. Nikaizungushia shina mpaka hapa," anaonyesha juu ya goti. "Nilipomaliza nikasimama, nikaona kazi yangu ni nzuri. Nikaimba."

Mtu wa pwani asingelifanya kosa hilo, kwa sababu hana zizi. Mchwa wa Dodoma, ambao wakati wa kiangazi hutafuta kitu chochote chenye unyevu, walipanda chini ya lile rundo na kukuta pamepikwa, pameandaliwa, tena pamefunikwa. Wakala gamba la shina kuzunguka pande zote, gizani, pasipo mtu kuona.

Majani yakaanza kulegea. Yotham akadhani ni kiu, akaongeza maji. Hayakunyanyuka. Akadhani ni njaa, akaongeza samadi.

"Asubuhi moja ya Agosti niliweka mkono kwenye mti ili nijiinue. Ukaja wote. Ulikuwa mwepesi kama fimbo ya mzee. Nikabaki nimeushika, nimesimama katikati ya bustani ya serikali, sijui niuweke wapi."

Alirudi nyumbani hakula. Dorkasi anasema mumewe alikaa miezi minne akigeuka kitandani kama mtu anayelalia mawe. "Namuuliza nini, ananiambia ni siafu," anasema mkewe. "Siafu gani anauma mtu mmoja tu katika kitanda cha watu wawili?"

Ushauri haukukosekana. Askari wa langoni aitwaye Tabu, mtu mwenye moyo mwema na akili ya mkato, alimwonyesha mtopetope mchanga uliokuwa ukiota kwa fundi mmoja wa stesheni. Majani yake hayakuwa mbali na yale ya mstafeli.

"Uchimbe huu, upande bustanini, ufunge kibati," Tabu alimwambia. "Mzungu anajua namba. Jani halijui."

"Na ukizaa?"

"Ukizaa mimi nitakuwa nimehamishwa."

Yotham alikiri kwamba alikitia kile kibati mfukoni na kutembea nacho siku tatu. Siku ya nne alikwenda Nzuguni. Hakuwa amefika huko tangu mambo yaharibike, kwa aibu; hata mboga za boma alimtuma mwingine kuzichukua. Akamkuta Sikudhani amesimama chini ya mti, na mti umempita kimo. Kwenye shina, chini ya majani, yalikuwepo mapira matatu ya kijani yenye miiba laini, kila moja kama ngumi ya mtoto.

"Nilimwambia, 'Chukua mti wako, mtani,'" anasema Sikudhani. "Ndiyo desturi. Mwenye ng'ombe akija na shida, humfichi kamba. Lakini roho iliniuma. Nimeuchotea maji miaka mitatu. Kama ungekuwa ng'ombe, angalau ungeondoka ukigeuka nyuma kunitazama."

Yotham aliuzunguka mti mara mbili. Kisha akamwambia kwamba mti huu hauwezi kufungwa kamba ukafuata mtu. Mzizi wake umeshauvuka mtungi na kuushika mto. Ukichimbwa utakufa, na yeye atakuwa ameua miwili.

"Basi utafanyaje?" alimuuliza.

"Nitasema."

"Utasema nini?"

"Yote. Nianze na kuua au nianze na kuiba?"

"Anza na kuua," Sikudhani alimshauri. "Ukianza na kuiba hutafika kwenye kuua."

Bwana Shauri aliteremka garimoshi Desemba, siku ya pili ya mvua. Kabla hajavua kofia alikwenda bustanini. Alikuta Yotham amesimama pale palipokuwa mti, mkono mmoja ameshika shina lililokauka, mkono mwingine kibati. Tabu, aliyekuwa zamu, anasema hakuwahi kuona mtu akijiletea kiboko kwa adabu namna ile.

Yotham alieleza samadi. Akaeleza mchwa. Bwana Shauri alikuwa amekwisha kumwashiria askari alete kiboko ndipo Yotham akaongeza, kwa sauti ambayo Tabu anasema ilikuwa ndogo kama ya mbu: "Na ule mwingine, bwana, uko Nzuguni, una matunda matatu."

"Mwingine upi?"

"Ule ulioniambia nitupe."

Kilichofuata ndicho Yotham anachokisimulia kwa urefu kuliko yote. Anasema alisikia matone yakianguka kutoka kwenye ukingo wa paa la boma, akaweza kuyatofautisha moja moja. Kiboko kilikuwa kimeshaletwa. Mdachi alikitazama kile kibati, akamtazama yeye, akasema neno la kwao ambalo hakuna aliyelielewa. Kisha akadai nyumbu wake.

Walifika Nzuguni wamelowa. Bwana Shauri hakusalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mti, akashika jani, akalivunja, akalinusa. Akalipapasa tunda kama daktari anavyopapasa tumbo. Halafu akasema kwamba mti ni mali ya serikali, na kesho watu kumi watakuja kuuchimba na kuupeleka boma.

Yotham anasema mdomo wake ulikuwa umeshazoea kusema ukweli tangu asubuhi, ukaendelea wenyewe. Alimwambia kwamba ukichimbwa hautafika hata kwenye reli. Akamwonyesha ufa wa ardhi ulivyofuata mzizi kuelekea mtoni. "Nichape hapahapa, bwana," alimwambia, "lakini mti uache unywe."

Sikudhani alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha kukatia vitunguu, ambacho anaapa alikuwa amekisahau mkononi. "Uliza nani ameuchotea maji," alisema kwa sauti. "Boma lina watu wengi wa kuchimba. Wa kuchota sikumwona hata mmoja."

Mdachi alikaa juu ya jiwe la kusagia. Akauliza kuhusu mtungi uliofukiwa, akaelezwa. Akauliza kuhusu unyoya, na Sikudhani akamwonyesha, bado amekasirika. Mvua ikakatika. Mwishowe alinyoosha mkono kwa Yotham, akapewa kibati namba 41, akamwagiza Tabu akipigilie kwenye mti.

"Msumari hapana," Sikudhani alisema. "Kamba."

Kikafungwa kwa kamba. Yotham alikatwa mshahara wa mwezi mmoja kwa ule mti wa kwanza, na kuhusu kutotii amri halikutamkwa neno. Kazi ikabaki yake, na juu ya hiyo akaongezewa nyingine: kila Jumamosi aje Nzuguni kuutunza mti wa serikali. Kiboko kilirudi Dodoma bila kutumika, kimening'inia kwenye tandiko la nyumbu.

"Mshahara nitaupata mwezi ujao," anasema Yotham. "Ngozi ya mgongo ningeipata wapi?"

Usiku ule, Dorkasi anasema, mumewe alilala kabla ugali haujaiva. Walimfunika nguo wakala bila yeye. Aliamka jua likiwa limefika kwenye mlango wa zizi, akauliza kama ni leo au kesho.

Mastafeli matatu yaliiva Januari. Moja lilikwenda boma. Moja Sikudhani alilila na jirani zake, akawaonya mapema kwamba mbegu hazimezwi, zinarudishwa. La tatu alimpa Yotham ampelekee mkewe. Dorkasi alionja kijiko kimoja, akakunja uso kwa uchachu, akamaliza bakuli.

Kwenye yale mawili ya mwisho walipata mbegu nyeusi sitini na tatu. Zilizoota ni thelathini na moja. Sasa zimepangwa chini ya kivuli cha majani makavu kando ya tembe, kila moja kwenye kipande cha kibuyu kilichotobolewa.

Bwana Shauri ameagiza miche yote ipandwe boma, mstari mmoja ulionyooka. Yotham alimwomba apeleke kumi. Akamkumbusha, kwa adabu, juu ya mchwa. Mdachi alifikiri kidogo, akasema kumi na miwili, na samadi ikae hatua nne kutoka kwenye shina. Sita itabaki hapa kwa Sikudhani. Mingine itakwenda kwa watu, mmoja mmoja, na hakuna ua utakaopewa miwili: Mvumi, Kondoa kwa ndugu zake Sikudhani, na kwingineko ambako Yotham ana rafiki mwenye maji na subira.

Wa kwanza anaondoka nao leo. Ameshaufunga kwenye kitambaa kibichi na kuuweka ndani ya kikapu, juu yake ametandika majani ya mgomba aliyopewa na Sikudhani. Anakwenda Mlali, safari ya siku tatu kwa mguu, kwa Bartolomayo, mtoto wa yule rafiki wa baba yake aliyemlea mtamba wakati wa sotoka. Boma limempa ruhusa ya wiki moja.

Bartolomayo hajaambiwa kuwa ni mti. Salamu aliyotumiwa ilisema tu kwamba Yotham anamletea ndama, aandae mahali. Jibu lililorudi juzi, kupitia kwa mfanyabiashara wa chumvi, ni kwamba mahali pako tayari: amekata miiba na kuzungushia ua mdogo, imara, karibu na mfereji.

Sikudhani anashika kiuno. "Atakufukuza na ndama wako huyo."

"Atacheka kwanza, kama ulivyocheka wewe," anajibu Yotham, akikitwaa kikapu. "Ua wa miiba hautapotea bure. Huyu hatatoroka, lakini mbuzi wa Mlali hawajawahi kumwona, na lazima watamtamani."